Kitambaa cha mifano ya tarizi ni nini?

Ni kipande cha nguo, mara nyingi kitani, ambacho mtarizi alijaribia mishono na kuhifadhia herufi na nakshi alizotaka kuzikumbuka. Usikichanganye na vile vitambaa vya makochi vilivyotariziwa "Karibu Mgeni". Vile hushonwa vipambe sebule. Hiki cha mifano, hapo mwanzo, kilikuwa kifaa cha kazi, kikiisha kutumika kinaviringishwa na kurudishwa sandukuni pamoja na sindano.

Vitabu vya nakshi vilivyochapwa vilianza kutoka Augsburg, Ujerumani, miaka ya 1520. Kabla ya hapo, na hata baadaye kwa wasioweza kuvinunua, mtu aliyeona ua zuri kwenye mto wa jirani alilinakili kwa uzi. Alilishona pembeni mwa kitambaa chake, na siku akilihitaji, alihesabu mishono na kulirudia. Misri walifanya hivyo zamani zaidi: ukavu wa ardhi yake umehifadhi vitambaa vya enzi ya Wamamluki (watawala wa Misri wa karne ya 13 hadi ya 16) vyenye nakshi zilizotawanyika ovyo, hii hapa, ile kule, kama kazi isiyokusudiwa kuonyeshwa watu.

Uingereza ya karne ya 17 ilipenda vitambaa vyembamba na virefu, kwa kuwa kitani kilikuwa ghali. Cha zamani kabisa cha huko chenye tarehe ni cha Jane Bostocke, cha mwaka 1598, na sasa kimo katika Jumba la Makumbusho la Victoria na Albert, London. Kina wanyama, maua, alfabeti, na maneno ya kuadhimisha kuzaliwa kwa mtoto Alice Lee mwaka 1596. Ukikuta alfabeti ya zamani haina J wala U, usidhani mshonaji aliruka. Enzi hizo J ilihesabiwa kuwa ni I tu, na U kuwa ni V.

Karne ya 18 kazi hii ikahamia kwa watoto wa kike. Binti wa miaka minane au tisa alishona alfabeti, tarakimu, beti za dini (zinazotaja kifo mno kwa umri ule), nyumba yenye miti miwili, kisha jina lake, umri na mwaka. Wazazi walikitia fremu na kukitundika ukutani: ada imelipwa, binti amefunzwa. Baadhi ya mabinti hao, umri ulipowatupa mkono, waliufumua uzi wa mwaka ili wageni wasiweze kupiga hesabu.

Kwa maskini mambo yalikuwa mengine. Nyumba za matajiri zilitia kila shuka na kila taulo herufi na namba kwa uzi, zisipotee kwa dobi na zitumike kwa zamu. Aliyejua kuzishona alipata kazi. Ndiyo maana wasichana wa vituo vya yatima vya George Müller, Bristol, walijaza vitambaa vyao alfabeti juu ya alfabeti, kwa mshono mdogo wa msalaba na uzi mwekundu. Hivi ndivyo vinavyonivutia kuliko vile vya nyumba na miti: vilikuwa vyeti vya kuombea kazi ya utumishi.

Kuna kimoja kilichovuka mipaka yote hiyo. Elizabeth Parker, binti wa kibarua wa Sussex aliyezaliwa mwaka 1813, alishona kwa uzi mwekundu, karibu na mwaka 1830, maelezo marefu ya maisha yake bila pambo hata moja. Anaanza kwa kusema kwamba kwa kuwa hawezi kuandika, anayaweka haya kwa urahisi na uwazi, kama ambavyo angezungumza na mtu. Anasimulia ukatili wa bwana aliyemtumikia, na jinsi alivyoshawishika kujiua. Kisha, akiwa anajiuliza roho yake itakuwaje, mshono unakatika katikati ya sentensi, na nafasi ya kitambaa bado ipo. Hakufa wakati huo. Aliishi hadi uzee, akawa mwalimu wa shule kijijini kwake Ashburnham.

Marekani, familia nyingi zilishonesha orodha za ukoo: ndoa, waliozaliwa, waliokufa. Wajane wa askari wa vita vya uhuru waliporuhusiwa kudai pensheni, walidaiwa ushahidi wa ndoa, na wengi hawakuwa na cheti. Baadhi walitoa kazi ya sindano iliyokuwa ukutani wakaiambatanisha na maombi. Serikali iliipokea kama hati, na vichache kati ya vitambaa hivyo vingali kwenye mafaili ya pensheni, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington.