Kupima tovuti za kuunda na kununua kompyuta: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mnunuzi akisema "nimeipenda", tovuti iko sawa.

Ukweli: Watu huisifu hata tovuti iliyowashinda, na mbele ya aliyewaalika ndiyo kabisa. Mpe mtu kazi, kaa kimya, mtazame. Mfano: "Una shilingi milioni mbili. Tafuta kompyuta ya mezani ya kuhariri video, iwe na RAM ya GB 32, ifikishwe Nkuhungu, Dodoma. Ishia kabla ya kulipa." Katika maelezo yako usitaje neno lililoandikwa kwenye kitufe, maana utakuwa umemwonyesha njia. Akiuliza abonyeze wapi, mrudishie swali: ungekuwa peke yako ungefanyaje? Andika kama amemaliza, dakika alizotumia, na kila mahali aliporudi nyuma.

Huko kurudi nyuma ndiko kunakofichua mengi. Mtu kachagua prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda) na SSD (diski ya kuhifadhia), kabonyeza kitufe cha kurudi, vyote vimefutika. Au bei ya jumla imewekwa chini kabisa ya ukurasa. Kwenye simu haionekani, anaongeza vipuri bila kujua bajeti imeshapita.

Dhana: Vipuri vingi vya kuchagua ni uhuru wa mteja.

Ukweli: Bila ulinzi, tovuti itauza mashine isiyowaka. RAM ya kizazi cha DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5, na prosesa ya soketi AM5 (ya AMD) haikai kwenye madabodi, yaani ubao mkuu, ya soketi LGA1700 (ya Intel). Vichanganye makusudi. Tovuti nzuri inakuzuia na kukutajia sababu. Inayofifisha chaguo bila neno lolote humfanya mteja adhani simu imeganda. Kisha chagua kadi kubwa ya michoro uone kama inadai pawa saplai yenye wati zaidi.

Dhana: Lazima upate watu mia wa kuijaribu tovuti.

Ukweli: Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alikadiria kuwa watu 5 hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo. Ila hiyo ni kwa kundi linalofanana. Mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na mhasibu wa kampuni ya Area D hawafanani: mhasibu anasaka profoma (ankara ya awali) na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi). Chukua watano kila kundi, rekebisha, rudia.

Dhana: Alama 68 za SUS, hojaji ya kupima urahisi wa kutumia mfumo, ni asilimia 68.

Ukweli: Hojaji hiyo ya John Brooke (1986) ina sentensi 10, kila moja ikijibiwa kwa 1 hadi 5. Kwenye sentensi ya 1, 3, 5, 7 na 9 toa 1 katika jibu. Kwenye zilizobaki, toa jibu katika 5. Jumlisha, zidisha kwa 2.5. Matokeo ni alama, si asilimia; 68 ni wastani tu. Ijazwe mara baada ya kazi, kabla hamjaanza kuzungumza.

Dhana: Kujaribu kwenye kompyuta ya ofisini kunatosha.

Ukweli: Tumia simu ya kawaida na bando, ufike hadi hatua ya malipo. Fomu inayolazimisha msimbo wa posta lakini haina nafasi ya mtaa na kata, VAT inayochomoza mwishoni, au malipo ya kadi tu bila M-Pesa: hapo ndipo wengi huacha kikapu.