Msimbo wa Hitilafu Hautaji Kifaa Kilichoharibika
Wengi huamini kwamba mashine ya kupimia gari ikisoma msimbo wa hitilafu P0087 kwenye injini ya dizeli inayopoteza nguvu mara moja moja, basi pampu ya presha imekufa na inunuliwe nyingine. Sivyo. Msimbo huo husema tu kwamba presha ya mafuta kwenye reli, yaani bomba linalogawa mafuta kwa nozeli za injini, imeshuka chini ya ile iliyoagizwa na kompyuta ya gari. Chanzo chaweza kuwa filta ya mafuta iliyoziba au mpira wa kupitishia mafuta unaovuta hewa. Kwa kuwa hitilafu huja na kupotea, gari lipimwe likipanda mlima na mzigo, fundi akilinganisha presha iliyoagizwa na iliyopo, kisha aunge kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu, atazame kama kuna mapovu ya hewa.