Mlango wa Autun: yanayosemwa na yaliyomo kwenye jiwe

Wageni wengi wanaofika Autun, mji mdogo wa Bourgogne nchini Ufaransa, hufuata mlango mmoja: ule wa magharibi wa kanisa kuu la Mtakatifu Lazaro, uliochongwa miaka ya 1130 hivi. Juu yake, kwenye nusu duara ya jiwe, Kristo ameketi katikati ya Hukumu ya Mwisho. Sijaona kazi ya zama zile ninayoipenda kuliko hii, na inaniuma mtu akiipita haraka kwa sababu ya mambo aliyoambiwa kabla hajafika.

Dhana: Wachongaji hawakuujua mwili wa binadamu, ndiyo maana watu ni warefu kupita kiasi.

Walijua, ila walikuwa na jambo jingine la kusema. Ukubwa hapa unafuata cheo: Kristo anawazidi wote, malaika na mitume wanafuata, na wafu wanaofufuka ni wadogo. Wala hawakukosa mifano ya kuigia. Malango ya Kirumi ya Autun yalikuwa yamesimama kwa karne nyingi, na nguzo bapa zenye mifereji ndani ya kanisa zimeyaiga.

Simama karibu, uangalie upande ulio kuliani kwako unapomtazama Kristo. Malaika Mikaeli ameinama kwenye mizani, shetani anavuta upande wake, na roho ndogo zimejificha kwenye mikunjo ya kanzu ya malaika. Chini yao, kwenye kizingiti cha juu, mikono miwili mikubwa imekikamata kichwa cha mtu na kumnyanyua. Mwili wenyewe umejaa hofu. Kwa waliookolewa, upande wa pili, wamo mahujaji wawili na mifuko yao: mmoja una kombe la baharini, alama ya hija ya Santiago de Compostela nchini Hispania, mwingine msalaba wa Yerusalemu.

Dhana: Ni picha za watu wasiojua kusoma tu.

Basi kwa nini kuna mashairi ya Kilatini? Juu ya waliolaaniwa pameandikwa kwamba hofu hii iwatishe wale wanaofungwa na upotovu wa dunia. Mapadri walisoma, wengine wakasomewa. Mlango ulisema na wote.

Dhana: Kama kuna madhara, ni Mapinduzi ya Ufaransa.

Hili ndilo linalorudiwa zaidi, na ndilo lililo mbali zaidi na ukweli. Mwaka 1766, zaidi ya miaka 20 kabla ya Mapinduzi, mapadri wa kanisa lenyewe waliona nakshi hizi ni za kizamani na mbaya, wakazipiga lipu. Kichwa cha Kristo kilichomoza kupita lipu, kikakatwa. Lakini lipu hiyohiyo ndiyo iliyouficha mlango wakati sanamu za makanisa mengine zilipokuwa zikivunjwa. Ilibanduliwa mwaka 1837, na kichwa hakikurudi mahali pake hadi mwaka 1948.

Dhana: Gislebertus alitia sahihi, habari imeisha.

Chini ya miguu ya Kristo pameandikwa «Gislebertus hoc fecit», yaani Gislebertus alifanya hili. Wengi humchukulia kuwa mchongaji. Mwaka 1999 mwanahistoria Linda Seidel alitoa hoja kwamba huenda ni jina la mtawala wa kale wa Bourgogne, aliyekumbukwa hapo kwa heshima. Naona hoja hiyo ina uzito; mwongozaji asiyeitaja anawapunja wageni wake.

Dhana: Jiwe lilikuwa wazi hivi tangu mwanzo.

Milango ya namna hii ilipakwa rangi. Kwenye mlango wa kanisa la Conques, kusini zaidi mwa Ufaransa, mabaki yake yanaonekana hadi leo.

Dhana: Ukiuona mlango wa magharibi umemaliza.

Mlango wa kaskazini ulibomolewa karne ya 18, na jiwe lake lenye Hawa aliyelala akichuma tunda likatumika kujengea nyumba. Liliopolewa karne ya 19, na sasa ni mali ya Musée Rolin, hatua chache kutoka kanisani. Ndani ya kanisa, panda kwenye ukumbi wa mapadri. Vichwa kadhaa vya nguzo, yaani mawe ya juu ya nguzo yaliyochongwa sanamu, viliondolewa karne ya 19 wakati nguzo za kubeba mnara zikiimarishwa, vikawekwa humo, kwa hiyo unavitazama usawa wa macho. Anza na kile cha Mamajusi: wafalme watatu wamelala chini ya shuka moja, na malaika anamgusa mmoja wao mkononi kwa ncha ya kidole, huku akiwaonyesha nyota.