Kabla Sabaki haijaitwa Sabaki

Juzi nilikuwa sokoni Kongowea, hapa Mombasa, nikinunua nyanya. Mama muuzaji alipojua kwamba kazi yangu ni maji ya umwagiliaji, akaniuliza: "Mwanangu, mto Sabaki haukauki. Mbona kiangazi cha kaskazi kikishika nyanya zapanda bei?" Nilimjibu mbiombio, na jibu lenyewe halikuniridhisha. Najaribu tena hapa.

Sabaki ni jina la mwishoni tu. Maji yale huanza kama Athi, nyanda za juu karibu na Nairobi, yakapokea mto Nairobi, Ruiru na Ndarugu, kisha yakashuka Ukambani yakiambaa na uwanda wa Yatta. Ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki, Athi hukutana na mto Tsavo. Kuanzia hapo huitwa Galana, na ukikaribia pwani ndipo watu wauita Sabaki, hadi unapoingia baharini kaskazini ya Malindi.

Mito hiyo miwili haina tabia moja, na hapo ndipo lilipo jibu la mama. Athi hutegemea sana mvua: masika hufura, ukashuka na udongo wa mashamba ya watu, kisha hunywea. Tsavo hutoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na njiani hupokea maji ya chemchemi za Mzima. Mzima nayo hulishwa na vilima vya Chyulu, ambavyo ni majivu na mawe ya volkano. Mvua ikinyesha kule haitiririki juu. Inazama, inasafiri chini ya ardhi, na kuchomoza Mzima ikiwa safi hata kiboko akitembea chini waziona nyayo zake. Ni zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, kiangazi na masika. Sehemu yake huletwa kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950 mpaka kwenye mifereji ya majumbani mwetu hapa Mombasa.

Sasa tupige hesabu. Mahindi au nyanya katika jua la Galana huhitaji kama milimita 5 za maji kwa siku. Kwa ekari moja hizo ni lita 20,000 hivi, kabla hujahesabu yanayopotea njiani. Shamba la mfano la mradi wa umwagiliaji wa Galana-Kulalu, ulioanza 2014, lilipangiwa ekari 10,000. Zidisha: lita milioni 200 kila siku. Yaani ekari zile peke yake, zikilimwa zote kiangazi, zahitaji maji yanayokaribia Mzima nzima, ilhali mto huohuo unawanywesha ndovu wa Tsavo, na visima vya Baricho kando yake vinasukuma maji Malindi, Kilifi na hata huku kwetu.

Kwa hiyo mto haukauki, mama, kwa kuwa Mzima haikomi, lakini wa mwezi wa pili ni mdogo sana kuliko ule uuonao ukivuka daraja mwezi wa tano. Wanaoweza kumwagilia wakati huo ni wachache, na mzigo unaofika Kongowea ni mchache.

Maji ya masika nayo yana taabu yake. Mwezi wa Mei niliteka Sabaki kwa chupa nikaiacha mezani usiku kucha. Asubuhi tope lilikuwa limetuama kimo cha vidole viwili. Maji hayo ukiyapeleka moja kwa moja kwenye mipira ya kumwagilia kwa matone, kichujio huziba kabla ya adhuhuri. Nimefungua vingi vya namna hiyo, na ndani huwa na uji mwekundu laini, mtu aweza kuufinyanga.

Ndiyo maana mkulima wa ukingoni namsihi achimbe bwawa kabla ya kununua pampu. Ajaze mto ukiwa umefura, aache tope litue, na asiguse maji yale hadi kaskazi. Chini ya bwawa lazima pawe na udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri. Pakiwa mchanga mtupu, kufikia Januari atakuta bwawa tupu.