Mbolea iliyolipua mji: Texas City, 1947

Watu wengi ukiwaambia mbolea inaweza kulipuka na kuua mamia wanadhani ni stori za kijiweni, maana mbolea tunaipanga stoo pembeni ya magunia ya mahindi na maisha yanaendelea. Sisi tunaofundisha kinga ya moto tunapenda kuanzia Texas City, mji wa bandari kule Texas, Marekani, asubuhi ya tarehe 16 Aprili 1947, kwa sababu pale karibu kila kitu ambacho mtu mwenye akili timamu angefanya kuokoa hali ndicho kilichoiharibu zaidi.

Meli ilikuwa inaitwa Grandcamp, ya Wafaransa, imeshapakia tani kama 2,300 za mbolea aina ya amonia naitreti kwenye mifuko ya karatasi, mzigo wa kwenda Ulaya ambako mashamba yalikuwa hoi baada ya vita. Mnamo saa mbili asubuhi makuli wakaona moshi unapenya katikati ya mifuko. Wakamwaga maji ya kunywa, wakapuliza mitungi ya kuzimia moto, wapi. Walipotaka kuleta hosi wakazuiwa, eti maji yataharibu mzigo. Ikatoka amri ngama, yaani chumba cha mzigo ndani ya meli, ifungwe, maturubai yawekwe juu, halafu mvuke wa moto uingizwe ndani ili usukume hewa nje na moto ukose pumzi. Tusimcheke kepteni haraka, hiyo ilikuwa njia ya kawaida kabisa melini enzi hizo na mzigo ungekuwa mwingine pengine ingesaidia.

Sasa shida iko hapa. Moto tuliouzoea unakula hewa, ukiunyima hewa unakufa, lakini amonia naitreti ina oksijeni yake humo humo ndani, kwa hiyo ufunike utakavyo, yenyewe inajilisha na kulisha ile karatasi inayoungua, na ule mvuke unazidi kuichemsha tu. Ikifika nyuzi joto kama 170 inaanza kuyeyuka, ikizidi hapo inatoa gesi kwa wingi, na gesi ikikosa pa kutokea huku mzigo umechanganyika na karatasi au mafuta, hapo unalo bomu, tena la ukubwa wa meli.

Huko nje moshi ulikuwa wa rangi ya chungwa, mzuri kuutazama, na watu wakawa wanamiminika gatini kushangaa, hata watoto. Kikosi cha zimamoto cha mji kilikuwa cha watu wa kujitolea 28, na 27 kati yao walikuwa pale pale wanamwaga maji kwenye chuma kilichopata moto hadi maji yanageuka mvuke yakigusa tu. Saa tatu na dakika 12 Grandcamp ikalipuka. Wote 27 wakafa. Nanga ya meli, yenye uzito wa karibu tani mbili, ikarushwa zaidi ya kilometa 2, ndege mbili ndogo zilizokuwa zinapita angani zikaanguka, na kiwanda cha kemikali cha Monsanto kilichokuwa jirani kikabomolewa na wafanyakazi wengi wakiwa ndani. Halafu usiku wake, mnamo saa saba, meli nyingine pale bandarini, High Flyer, nayo ilikuwa na mbolea ile ile pamoja na salfa, ikalipuka. Waliokufa kwa jumla ni watu wasiopungua 581, na miili 63 haikutambulika ni ya nani.

Familia zilishtaki serikali ya shirikisho kwa vile mbolea ilitoka kwenye viwanda vyake, Mahakama ya Juu ya Marekani ikazikatalia mwaka 1953, ndipo Bunge lao likapitisha sheria ya fidia mwaka 1955.

Kinachoniudhi mimi ni kwamba miaka 66 baadaye, jimbo hilo hilo la Texas, mji mdogo unaitwa West, tarehe 17 Aprili 2013 jioni, ghala la mbolea likashika moto, amonia naitreti imewekwa ndani ya mabanda ya mbao, wazimamoto wa kujitolea wakaja mbio kama wanavyokuja kwenye moto wowote, na dakika kama 20 tu tangu taarifa itolewe, tani kama 30 zikalipuka. Wakafa 15, na 12 kati yao ni waliokuja kusaidia. Jirani kulikuwa na shule na nyumba ya wazee, vyote vikaharibika vibaya, shule ikanusurika na vifo kwa vile ilikuwa jioni wanafunzi wameshaondoka.

Sasa mkulima usianze kuogopa mfuko wako wa CAN. Hiyo ni amonia naitreti iliyochanganywa na chokaa makusudi ili kupunguza ukali, na Urea ni kitu kingine kabisa. Ila ukihifadhi CAN nyingi, isikae chumba kimoja na dizeli, maranda ya mbao wala magunia chakavu, na asiingie mtu na sigara. Ikitokea moto, ukipiga 114, namba ya zimamoto, sema mapema kuna mbolea gani mle ndani na ni kiasi gani, usiseme tu "stoo inaungua". Moto ukiwa bado mdogo na haujafika kwenye mifuko, maji mengi sana na milango na madirisha wazi, usifunge. Ukishaingia kwenye rundo lenyewe achana na mzigo, toeni watu wote wakae mbali kabisa, mkianza na hao waliosimama karibu wanarekodi video.