Riale yenye 1780 si lazima iwe ya 1780

“Hii ni ya 1780, bei gani?” Swali hili linakuja na picha ya riale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria, na jibu langu ni lilelile: mwaka ule hauthibitishi umri.

Malkia huyo alifariki Novemba 1780. Uarabuni na Uhabeshi watu walishaizoea sura yake na walisitasita kupokea nyingine, kwa hiyo Austria iliendelea kugonga sarafu ileile bila kubadili mwaka. Baadaye Roma waliigonga kuanzia 1935, London 1936, kisha Bombay na Birmingham. Vienna wanaigonga hadi leo. Riale iliyotoka kwenye kasha la bibi yako Unguja inaweza kuwa changa kuliko bibi mwenyewe.

Linaloniudhi zaidi ni hizo herufi S.F. chini ya kifua cha malkia, ambazo watu hunitajia kama ushahidi. Ndiyo, ni za Schöbl na Faby, maofisa wa kiwanda cha kugonga sarafu cha Günzburg. Lakini kiwanda kilifungwa 1805, na waliofuata walinakili kila kitu, herufi zikiwemo. Kinachotofautisha ni vitu vidogo: umbo la pambo la begani na lulu zake, mpangilio wa manyoya ya mkia wa tai aliye upande wa pili, nafasi ya nukta. Sarafu ikishalika, manyoya hayahesabiki, na hapo anayekutajia kiwanda kwa uhakika anakisia tu. Kutaja mwaka halisi ndiyo kabisa haiwezekani.

Wengine wakisikia hayo hukimbilia kusema “basi ni bandia”. Hapana! Fedha ni ileile, sehemu 833 kwa elfu, uzito gramu 28.07, upana kama milimita 40. Bandia ni ile ya madini mengine. Ipime kwa mzani wa sonara, kisha weka bilauri ya maji juu ya mzani, uusawazishe kwenye sifuri, uining’inize sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini. Mzani usome karibu gramu 2.75. Ukisoma 3.1 au zaidi, hiyo si fedha. Hakikisha hakuna povu lililong’ang’ania, maana litakupandishia namba.

Halafu zungusha ukingo: IUSTITIA ET CLEMENTIA isomeke yote. Maneno yakikatika kwa alama ya tupa, ama ilimiminwa kwenye kalibu, ama ilikuwa kidani na kitanzi chake cha kupitishia mkufu kimeondolewa. Kidani huacha lehemu juu ya kichwa, na bei hushuka hata kama fedha ni safi.

Usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno. Nitumie picha za pande mbili na ukingo, pamoja na uzito wenye desimali mbili.