Ubapa wa "ukanda bapa" hauko kwenye karatasi

Nimeisikia tena wiki hii: "Grafini ina ukanda bapa kwa sababu unene wake ni atomi moja tu." Sivyo. Karatasi moja ya grafini, yaani ya atomi za kaboni, ni bapa kwelikweli, lakini kanda zake za nishati zina mwinamo mkali, mithili ya koni mbili zilizogusana ncha.

Ukanda wa nishati huonyesha elektroni yenye momentamu fulani inaweza kuwa na nishati kiasi gani. Mwinamo wake ndio kasi ya elektroni. Mstari ukilala bapa, elektroni hukaribia kusimama. Maana ni hiyo tu.

Kinachotukwaza, nadhani, ni neno lenyewe. Bapa tumelijua kwenye upanga: kuna makali na kuna bapa, na bapa unaligusa kwa kiganja. Bapa la ukanda haligusiki, liko kwenye grafu.

Nalo hutengenezwa. Chukua vipande viwili vya wavu wa dirisha, uvipandanishe, kisha ukizungushe cha juu kidogo sana. Papo hapo yanatokea mawimbi ya giza na mwanga, mapana kuliko tundu lolote la wavu. Ukizidi kuzungusha, yanasinyaa. Mawimbi hayo huitwa muare, na hapa pia watu hudhani ni jina la mwanasayansi. Muare ni Kifaransa, kitambaa cha hariri chenye mawimbi, na asili yake ni mukhayyar ya Kiarabu, kitambaa cha manyoya ya mbuzi, yaani "kilichochaguliwa". Ni mzizi uleule uliotupa hiari na heri. Ni neno la jamaa zetu kabisa!

Grafini mbili zikipishana digrii 1.1, muare hujirudia kila nanomita 13 hivi, wakati atomi zenyewe hujirudia kila nanomita 0.246. Wanafizikia Rafi Bistritzer na Allan MacDonald walikokotoa mwaka 2011 kwamba hapo ukanda hulala. Mwaka 2018 Yuan Cao, Pablo Jarillo-Herrero na wenzao wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walizipoza karatasi hizo chini ya kelvini 1.7, yaani karibu na baridi ya mwisho kabisa, umeme ukapita bila ukinzani wowote. Elektroni zikikosa mbio, kusukumana kwao ndiko kunakotawala.

Kwa hiyo ukieleza tena, unene uache kando. Sema ukanda umelala bapa kwa sababu karatasi mbili zimepishana kwa pembe ile.